Mikono na Miguu ya Jeshi: Somo Kutoka Safari ya Nairobi

Somo la kusoma kwanza: Yoshua, sura ya 4



Katika sura tuliyoitaja hapo juu, Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha mahali walipolala. Mawe hayo hayakuwa pambo. Yaliwekwa ili watoto wapate kuuliza, na wazazi wapate la kujibu. Basi ukumbusho una kazi mbili: moja ni ya jiwe, yaani kusimama, ya pili ni ya mzazi, yaani kujua. Jiwe likisimama na mzazi asijue, mtoto atalipita aende zake. Mwezi huu nataka kuwaeleza jinsi mimi, niliyefundisha Historia kwa miaka zaidi ya thelathini, nilivyosimama mbele ya ukumbusho katika mji wa kigeni, nikaulizwa na mtoto, nikakosa jibu.

Nilikwenda Nairobi kwa mahafali ya mjukuu wa dada yangu. Kutoka Manyoni nilipanda basi hadi Singida nikalala, kesho yake nikafika Arusha kwa njia ya Babati, na siku ya tatu nikavuka mpaka pale Namanga. Wenyeji wangu walikuwa wamenipangia kwenda kuona wanyama katika ile mbuga iliyo kando ya mji. Niliwashukuru, nikawaambia kwamba sisi wa Manyoni tumepakana na pori la Rungwa, na tembo hutufuata wenyewe mashambani bila kiingilio. Nikaomba badala yake nipelekwe mahali penye kumbukumbu za vita. Walishangaa kidogo. Mama wa umri wangu na vita wapi na wapi?

Nieleze basi sababu yangu. Bibi yangu mzaa baba aliishi katika tembe upande wa Kilimatinde, akafariki mwaka 1974 mimi nikiwa msichana wa shule. Ndani ya tembe lile palikuwa na kigoda kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Siku moja nilikikalia, nikachapwa fimbo za miguu. Nilipouliza kigoda ni cha nani, nikaambiwa, "Cha babu yenu. Amekwenda kubeba mizigo." Angalieni, hakusema "alikwenda". Alisema "amekwenda", kana kwamba mtu mwenyewe ametoka asubuhi ile. Baba yangu alikuwa mtoto wa mgongoni siku babu alipochukuliwa, naye alikuwa mtu mzima mwenye mvi wakati huo.

Bibi alisimulia kwamba walikuja wa kwanza wakachukua ng'ombe, kisha wakaja wa pili wakachukua wanaume. Wote aliwaita wazungu wa vita, hakuwatenga kwa kabila. Tukilinganisha maneno yake na vitabu, twaona kwamba hakukosea. Mwisho wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini, yakitokea Kondoa-Irangi, yaliingia Dodoma, na muda mfupi baadaye yakafika Kilimatinde penye boma la Wajerumani. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji, wakitokea Kongo, waliingia Tabora. Hivyo nchi yetu hii ya kati ilikanyagwa na pande zote, kila jeshi likitaka nyama, nafaka na watu wa kubeba. Mvua zilipokosa, ghala zilikuwa zimekwisha kufagiliwa, na vijana wa kulima hawakuwapo. Ndipo ikaja njaa ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Wako katika parishi hii ambao koo zao zilihamia hapa kwa sababu ya Mtunya.

Sasa turudi Nairobi. Mjukuu wangu alinichukua Jumatatu asubuhi hadi Kenyatta Avenue, ambayo zamani iliitwa Delamere Avenue. Hapo, magari yakipita huku na huku, zimesimama sanamu tatu za shaba. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Wa pili ni askari wa kikosi cha Waarabu. Wa tatu ni mpagazi. Fundi wake ni Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye pia ndiye aliyeitengeneza ile Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka 1927, na hii ya Nairobi mwaka 1928. Waliofika Dar es Salaam watakumbuka kwamba kule askari amesimama peke yake juu na bunduki yake. Hapa Nairobi mpagazi amepandishwa, akasimama pamoja na wenye silaha. Jambo hilo lilinipendeza, nikasimama kulitazama kwa muda.

Maandishi yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Maana yake ni kwamba huu ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Tena yaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Niliyasoma kwa sauti kama ilivyo desturi yetu walimu, hata mpiga kiwi mmoja aliyekuwa karibu akaacha brashi akasikiliza. Akasema amepita hapo miaka mingi na hajapata kuyasikia yakisomwa.

Mjukuu wangu akazunguka nyuma, kisha akarudi. Akaniuliza, "Bibi, majina yako upande gani?"

Tukazunguka wote wawili, mara mbili. Hakuna majina. Ahadi ya kukumbukwa jina imeandikwa kwa lugha tatu, na hakuna hata jina moja la mpagazi lililoandikwa chini yake.

Yule kijana hakuishia hapo. "Babu yako alibeba upande wa Wajerumani au wa Waingereza? Na jina lake alikuwa nani?" Ndugu zangu, nilikuwa sijui. La kwanza hakuna aliyelijua nyumbani, na kama alibeba upande wa Wajerumani basi hata ukumbusho huu si wake, maana uliwekwa na Waingereza kwa ajili ya waliomtumikia mfalme wao. Lakini la pili ni aibu yangu mwenyewe. Bibi hakumtaja mumewe kwa jina. Daima alisema "babu yenu". Baba akasema "baba". Nami nikaenda shule, nikaenda Chuo cha Ualimu Kinampanda, nikarudi kuwafundisha watoto wa watu Mkutano wa Berlin wa 1884–85, sababu za Vita Kuu na matokeo yake, nikawapa mtihani, nikawasahihisha kwa wino mwekundu. Wala sikumwuliza bibi swali lile la maneno manne: jina lake ni nani?

Kinampanda tulifundishwa kwamba mwalimu anayepeleka watoto mahali pa historia awape maswali kabla hawajaondoka darasani, siyo baada ya kurudi. Yeyote asimamaye mbele ya ukumbusho wa vita na aulize haya: Nani aliyeuweka, na kwa ajili ya macho ya nani? Nani ametajwa kwa jina, na nani ametajwa kwa jumla kama mchanga? Nani hakutajwa kabisa? Mimi nilisafiri bila maswali yangu mwenyewe, mjukuu akanisaidia.

Kutoka hapo tulikwenda soko la Kariokor. Wengi mmefika Kariakoo ya Dar es Salaam, kununua vitu au kuibiwa. Majina haya mawili ni jina moja. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza. Mahali kambi zao zilipokuwa pakabaki na jina hilo. Soko la Kariokor siku hizi lasifika kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama ya kuchoma. Nilinunua kiondo kwa mama mmoja, nikamwuliza jina la soko maana yake nini. Akajibu, "Ni jina tu, mama." Sikumlaumu, kwa kuwa nimekwisha kueleza hali yangu.

Yafaa tujue kazi yenyewe ilikuwaje, maana neno "kubeba mizigo" latamkwa kwa wepesi. Sehemu nyingi za nchi ndorobo waliwaua farasi na maksai, na motokaa zilikwama katika matope. Ikabaki kichwa cha mwanadamu. Sasa fanyeni hesabu ya darasa la nne. Tuseme mtu anabeba kilo 25 za unga, na kila siku anakula kilo moja. Kutoka ghalani hadi kwa askari ni mwendo wa siku kumi, na kurudi ni siku kumi. Atakuwa amekula kilo 20 yeye mwenyewe. Askari atapata kilo tano. Jeshi likisogea mbele siku mbili na nusu zaidi, askari hapati kitu. Ndiyo sababu askari mmoja alihitaji wapagazi wengi nyuma yake, na ndiyo sababu viongozi wa majeshi, walipoona chakula hakifiki, walipunguza posho ya mpagazi kwanza.

Yakadiriwa kuwa Waingereza na wenzao waliwatumia wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Waliowaua hawa zaidi hawakuwa adui wenye bunduki. Ilikuwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi au uwele walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusu kwa kukosa muda na kuni, matumbo yakaharibika. Hesabu za serikali ziliandika vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozichunguza baadaye wanaona idadi ya kweli yafika karibu 100,000 au kuipita, na hao ni wa upande wa Waingereza tu. Wa upande wa Wajerumani hakuna aliyewahesabu sawasawa. Na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia wake zao wala watoto.

Kariokor pia yako makaburi ya vita. Hapo ndipo Mfalme Charles wa Uingereza alipofika Novemba 2023 katika ziara yake ya Kenya, akawakabidhi medali wazee waliopigana Vita ya Pili.

Jumapili tuliabudu katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Ni jengo la mawe la kupendeza sana, na waimbaji wao ni hodari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917. Nilipokumbuka hivyo nilijikuta nafanya hesabu wakati wa matangazo, maana 1917 ndio mwaka ambao serikali ya Kenya iliwakusanya wanaume kwa nguvu kwa ajili ya upagazi kuliko wakati wowote. Watu wa kanisa letu walikuwa wapi? Swali hilo lina majibu zaidi ya moja.

Huku kwetu wamisionari Waingereza walikuwa mikononi mwa Wajerumani, wakawekwa kizuizini, mwishoni Tabora, na walimu Waafrika wa misheni nao walifungwa na kuteswa kwa kudhaniwa wapelelezi. Upande wa Unguja alikuwako Askofu Frank Weston wa UMCA. Mwaka 1916, serikali ilipotaka wapagazi, alikusanya kikosi cha Unguja, akakubali kuwa mkuu wake mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akaenda nao bara kwa miguu. Aliona kwamba ikiwa watu wake lazima waende, basi asiwaachie mtu asiyewajua. Kuna wanaomsifu kwa jambo hilo bila kubakiza. Mimi nasita, maana pamoja na upendo wake bado alikuwa miongoni mwa waliowaita watu kwenda vitani, katika ugomvi usiokuwa wao. Lakini aliyoyaona njiani hayakumtoka. Vita ilipokwisha, serikali ya Kenya mwaka 1919 ilitoa waraka wa kuwataka maofisa wawahimize wenyeji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na wote walijua neno "kuhimiza" lina fimbo nyuma yake. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walitoa maoni yao wakionya juu ya hatari zake, ila walikubali kazi ya lazima kama ingewekewa sheria na mipaka. Weston hakukubali. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali akisema kwamba kumlazimisha mtu kufanya kazi ni utumwa chini ya bendera ya Uingereza. Twaona basi, maaskofu wa kanisa moja, katika jambo moja, hawakusimama mahali pamoja. Naona ni vema vijana wetu wa kipaimara walijue hili pia, siyo habari nzuri peke yake.

Jumanne tulikwenda Ngong Road, kwenye makaburi ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945. Yako makaburi 1,952, safu kwa safu, majani yamekatwa, maua yamepandwa. Hapa niliona jambo la kushangaza baada ya siku ile ya kwanza: kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe, isipokuwa machache ya wasiotambulikana. Waafrika wa vita hii ya pili wametajwa kwa majina yao. Tena uko ukumbusho wa wale ambao hawana kaburi, miongoni mwao waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli hiyo ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu karibu 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Mjukuu akasema, "Kumbe iliwezekana." Ndiyo, iliwezekana, na hata katika vita ya kwanza iliwezekana kwa wengine. Katika lango la Menin, mjini Ypres nchini Ubelgiji, yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari ambao miili yao haikutambulikana. Maneno ya ule ukumbusho wa Kenyatta Avenue husemwa kuwa ni ya Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, aliyempoteza mwanawe wa pekee katika vita ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Mwili haukutambulikana, lakini jina la kijana lilichongwa ukutani kule Loos. Mzee yule alijua vizuri jina lililochongwa lina thamani gani kwa mzazi asiye na kaburi la kulilia.

Kwa nini basi wapagazi hawakuandikwa? Zamani tuliambiwa kwamba kumbukumbu zilipotea. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mwaka 2021 ile Kamisheni ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichunguza majalada yake yenyewe na kukiri kwamba kulikuwa na uamuzi. Katika Afrika Mashariki iliamuliwa kwamba Wazungu wawekewe majina, bali Waafrika walio wengi watoshewe na sanamu za jumla. Yamo katika majalada hayo maoni ya Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, kwamba yale makaburi makubwa ya wapagazi Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudie kuwa pori upesi iwezekanavyo. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na nchi za Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kamisheni na serikali ya Uingereza ziliomba radhi mwezi wa Aprili mwaka huo. Tangu hapo majina yameanza kutafutwa. Mjini Cape Town, Januari 2025, ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliofanya kazi za kubeba na kuchukuza katika vita hiyo: nguzo za mbao, kila mtu na nguzo yake na jina lake, zaidi ya 1,700. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na bado iliwezekana.

Siku ya mwisho tulipita Uhuru Park kuona ukumbusho wa Mau Mau, uliofunguliwa Septemba 2015. Miguu ilikuwa imechoka, hivyo nitasema moja tu. Sanamu ile yaonyesha mwanamke akimpa chakula mpiganaji wa msituni, na hawatazamani usoni, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Nilimfikiria mpagazi wa Kenyatta Avenue. Huyu mama naye ni mikono na miguu ya jeshi, ila yeye jina lake lilifichwa na wenyewe kwa kumlinda. Si kila asiyetajwa amedharauliwa.

Nilirudi nyumbani na kiondo changu na lile swali. Wiki ya pili nilikwenda upande wa Kilimatinde kwa baba yangu mdogo, ambaye baba yake alikuwa mdogo wake babu. Amepita miaka tisini, haoni vizuri, lakini masikio ni mazima. Nikamsalimu, tukala ugali, kisha nikamwuliza. Alinyamaza kitambo. Akasema, "Miaka yote hiyo unafundisha, ndiyo leo waja kuuliza?" Kisha akalitaja jina, na la baba wa babu, na mahali walipokuwa wakilisha ng'ombe siku hiyo. Akasema baba yake alikuwa mtoto, akajificha katika kichaka cha mikwamba, akaona kaka yake akipanga mstari na wenzake kumi na mmoja wa kitongoji kile. Wenzake watano aliwataja pia. Sita hakuwajua, au amesahau. Kigoda chenyewe kiko kwake. Mchwa wamekula mguu mmoja.

Nililiomba Baraza la Parishi linipe nafasi, nalo limekubali. Daftari liko ofisini kwa katibu, jalada la bluu. Lina safu nne: jina, kijiji, habari zinazojulikana, na aliyelileta jina. Hayatafutwi ya Vita ya Kwanza peke yake. Waliokwenda Burma wakati wa Vita ya Pili waletwe, na vijana wetu waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wasirudi, hata kama wengine wana makaburi yao kule Kaboya. Waliochukuliwa na Wajerumani waandikwe, na waliochukuliwa na Waingereza waandikwe, na wale ambao hatujui walichukuliwa na nani waandikwe. Wazazi wao hawakuwa Wakristo walio wengi. Daftari halitauliza neno hilo.

Kwa vikundi vya majumbani mwezi huu naomba mjadili mambo mawili. La kwanza: katika ukoo wako, nani aliye mzee kuliko wote, na ni lini ulimwuliza jambo lisilohusu mazao wala mahari? La pili: kama Baraza likiamua kusimamisha kibao ndani ya kanisa, yafaa majina ya waliobeba kwa nguvu yawe pamoja na ya waliopigana kwa hiari, au yatengwe? Mimi nina maoni yangu, lakini sitayasema kabla ya kusikia yenu.

Wasioweza kuandika waje kwangu Jumapili baada ya ibada ya pili. Nitakuwa chini ya mwarobaini, upande wa kisima, nami nitawaandikia. Mpaka naandika haya majina yamefika kumi na tisa. Sita ya kwanza ni ya kitongoji kile cha Kilimatinde, na mstari wa kwanza kabisa ni wa babu.